Hivi mwanafunzi wa masta ya isimu anafundishwa lini kufanya utafiti?

#1 Mwana_wa_Kalenga
Wakuu habari za jioni, poleni na baridi.

Mi ni mkufunzi msaidizi kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, jina la chuo tuliache. Juzi nimekaa na dada mmoja wa uzamili, mwaka wa pili, anaandika kuhusu ngeli za Kikinga, lugha ya huko Makete. Kafungua laptopu kanionyesha data yake, maneno 200, jedwali limenyooka kabisa, Kiswahili kushoto Kikinga kulia. Nikamuuliza haya umeyapata kwa nani, akasema ana binamu yake yuko Mbagala, alimtumia orodha kwa WhatsApp binamu akajaza akarudisha. Sauti iko wapi? Hamna. Binamu alitoka Makete akiwa na umri gani? Hajui. Kuna mtu wa pili ameyapitia? Hamna.

Na siyo mzembe, ni mtu anafundisha sekondari wiki nzima, Ijumaa mchana yuko kwenye basi anakuja darasani. Kilichoniuma ni kwamba ukienda kwenye matokeo yake, kozi ya Mbinu za Utafiti ana A. Yaani sisi wenyewe tumempa A halafu hajawahi hata siku moja kukaa mbele ya msemaji wa lugha na rekoda mkononi.

Mliopita huko na mlioko huko, huo ujuzi mliupata wapi? Nani aliwafundisha? Na kama hamkufundishwa, tatizo lilikuwa nini hasa?

#2 MwlMafinga
Umegusa penyewe mkuu. Hiyo kozi nimeisoma, tulikuwa ukumbi mmoja na watu wa elimu, utawala na maendeleo ya jamii, mwalimu mmoja slaidi zilezile kwa wote. Tukafundishwa kukokotoa sampuli kwa fomula ya Yamane. Ukiwa na kijiji cha watu 10,000 na kosa la asilimia 10 unapata watu 99. Basi nami nikaenda na hojaji zangu 99 za "nakubali sana, nakubali, sina uhakika" kuuliza watu wanatamkaje vitenzi vya Kibena. Mtu anakwambia nakubali sana, sasa unaiweka wapi hiyo kwenye fonolojia, yaani uchambuzi wa mfumo wa sauti za lugha?

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwa swali langu wasemaji watano sita, wazee na vijana, wanawake na wanaume, nikae nao siku nyingi, ingetosha kabisa. Lakini kwenye utetezi wa pendekezo niliulizwa mbona sampuli ndogo. Kwa hiyo jibu langu: tatizo ni kozi.

#3 Mzee wa Uyole
Kozi siyo tatizo. Hata sisi tulisoma kozi mbaya. Tatizo ni msimamizi. Zamani msimamizi alikuwa na wanafunzi wawili watatu, anakwenda nao fildi, mnalala nyumba moja ya wageni, usiku mnasikiliza kaseti pamoja anakwambia hapa umekosea rudia kesho. Leo mtu mmoja ana wanafunzi kumi na kitu pamoja na madarasa ya shahada ya kwanza, atakwenda fildi na nani? Anasoma sura yako miezi mitatu baadaye, anasahihisha koma na nukta anakurudishia. Ujuzi huu ni kama ufundi seremala, huupati kwa kusimuliwa, unaupata ukiwa umeshika upande mmoja wa ubao na fundi kashika mwingine.

#4 TukuyuMvua
Shikamoo mzee wa Uyole. Naungana na wewe kwa asilimia zote, sikiliza yangu.

Nilikwenda Rungwe mwezi wa tatu kurekodi, nimepewa bibi mmoja msimuliaji hatari, kasimulia saa nzima na dakika kumi, mi natabasamu tu. Mvua ilianza dakika ya tano hivi, na nyumba ni ya bati, sikujali, maana masikio yangu yalikuwa yanamsikia bibi vizuri. Usiku nimefika gesti naweka hedfoni, nasikia bati. Bibi yuko mbali kama anaongea toka nyumba ya jirani. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba sikio linachuja kelele lakini maiki haichuji. Ningesikiliza dakika mbili za mwanzo tu ningegundua.

Na mada yenyewe ilikuwa toni za Kinyakyusa, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, lugha ngumu sana kwa toni, kundi G la Guthrie, yule aliyepanga lugha za Kibantu kwa makundi ya herufi.

#5 Irabu7
Pole sana na bati ndugu yangu TukuyuMvua, ila mawili nikusahihishe. Kinyakyusa Guthrie alikiweka M31. G ni hawa majirani, Kisangu G61, Kihehe G62, Kibena G63, Kipangwa G64, Kikinga G65. La pili ndo kubwa, Kinyakyusa kilishapoteza toni. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili tu. Lugha ya toni ni Kihehe huko Iringa. Kwa hiyo hata mvua isingenyesha usingeipata.

#6 TukuyuMvua
Duh. Irabu7 unaniambia leo? Mi mwenyewe Mnyakyusa na niliambiwa na msimamizi kwamba lugha za Kibantu zina toni kwa hiyo tafuta. Nimetafuta muhula mzima. Ilibidi nibadilishe mada nikaingia majina ya watu, nikamaliza hivyo hivyo.

#7 Irabu7
Basi hapo ndo unaona, nyingi zina toni kweli ila siyo zote, Kiswahili chenyewe hakina. Mtu alitakiwa akufundishe kuuliza lugha kwanza kabla hujaamua ina nini.

Mi nieleze nilivyojifunza maana mkuu wa uzi ameuliza. Nimezaliwa Rungwe, kusoma na kuandika nimejulia Kiswahili, kwa hiyo lugha ya mama yangu nikawa naiandika kwa irabu tano. Kumbe ina saba. Chukua neno la kulima, wengi tunaandika ukulima. Likiandikwa kwa uangalifu ni ʊkʊlɪma, zile irabu tatu za mwanzo siyo u, u na i za Kiswahili, ziko chini yake kidogo, mdomo unafunguka zaidi. Nilitamka hilo neno maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia.

Aliyenifungua alikuwa mwanafunzi mwenzangu wa uzamivu, siyo mwalimu. Tulikaa meza moja maktaba, akafungua Praat, ile programu ya bure ya kuchanganua sauti ya kina Boersma na Weenink wa Amsterdam, akanirekodi mimi mwenyewe maneno kama kumi, akanionyesha fomanti ya kwanza ya ɪ, yaani masafa ya chini kabisa ambayo irabu inavuma kwa nguvu, iko juu ya ile ya i, kila nikirudia. Saa tatu hivi tulikaa. Zile saa tatu nimejifunza kuliko mwaka mzima wa darasani, na hazikuwa kwenye ratiba yoyote.

#8 Vwawa_Junction
Nyie mnazungumzia ujuzi, mi nazungumzia mfuko. Rekoda nzuri ni hela, nauli kwenda Ileje na kurudi ni hela, kulala ni hela, posho ya mzee anayeacha shamba lake kukaa na wewe ni hela. Mwanafunzi wa masta anajilipia ada mwenyewe kutoka kwenye mshahara wa ualimu. Binamu wa Mbagala ni bure. Mpeni hela muone kama hatakwenda Makete. Na hapa Mbeya tuna Kindali, Kimalila, Kisafwa, Kinyiha, tumezungukwa na data lakini mtu anaandika kuhusu matangazo ya biashara Dar kwa sababu yanapatikana kwenye simu.

#9 Dada Njombe
@Vwawa_Junction Ileje siku hizi ni Songwe jamani, toka 2016. Kama sisi Njombe tulivyotoka Iringa 2012 na bado mnatuita watu wa Iringa 😀

Hela kweli ni tatizo ila siyo lote. Mi nilikuwa na hela kidogo, nikaenda kwetu kabisa, kwa bibi yangu mzaa mama, na bado nilirudi na data mbovu. Nilikuwa na orodha ya sentensi. Namuuliza bibi, "ninakula" mnasemaje? Anajibu. "Unakula" je? Anajibu. Nimejaza kurasa sita. Nimerudi naanza kuchanganua viambishi vya nafsi, naona nafsi ya kwanza na ya pili zimepishana zote, nikaanza kutafuta nadharia ya kueleza kwa nini. Kumbe bibi nikimwambia "ninakula" alikuwa anajibu "unakula", maana ananiambia mimi! Mjukuu amesema anakula, bibi anamjibu ndiyo unakula.

Dawa yake ni ndogo sana, unamtengenezea hadithi, kuna mtu yuko mezani mwenzake anamuuliza unafanya nini, huyo mtu atajibuje. Au unawaweka wasemaji wawili wanaongea wao. Kitu cha dakika tano kufundisha, mi kimenigharimu likizo nzima.

#10 Mwana_wa_Kalenga
Dada Njombe asante sana kwa hili, nimelinakili nitalipeleka darasani. Na nomino nazo hivyo hivyo, mwanafunzi anaonyesha mkono wake anapewa neno la kidole, au anapewa "mkono wako".

Vwawa_Junction rekoda siyo lazima iwe ya bei mbaya. Simu ya kawaida yenye programu ya kurekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 44.1 kHz na biti 16, na maiki ya waya unayoibana kwenye kola, inafanya kazi nzuri tu kwa masta. Kibaya ni ile sauti ya WhatsApp, imebanwa, sehemu ya mawimbi imekatwa, usiitegemee kupimia irabu.

#11 Kitulo_Maua
Kamwene wote. Nina neno kwa mleta uzi na naomba asichukie. Umeeleza habari za huyo dada mpaka mwaka wake, mada yake, kazi yake, siku anayopanda basi. Wanaoandika kuhusu ngeli za Kikinga nchi hii ni wangapi? Maadili ya utafiti unayotaka tuwafundishe yanaanzia hapa. Toka Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, ilipitishwa 2022, na sauti ya mtu ni taarifa yake.

Mzee mmoja kijijini kwetu aliniuliza kabla sijawasha rekoda, "Sauti yangu utaipeleka wapi nikishakufa?" Sikuwa na jibu. Fomu ya ridhaa niliyopewa chuoni ilikuwa na mstari wa sahihi na mstari wa tarehe, haikuwa na jibu la swali lile. Ilibidi nizime simu tukae tuongee kwanza, akaamua masimulizi nichukue ila matambiko hapana, na mpaka leo nimeheshimu.

#12 Mwana_wa_Kalenga
Kitulo_Maua umenena kweli, nimekosea na nimempigia simu kumwomba radhi. Ningeweza kusema mwanafunzi mmoja basi.

#13 Mdau wa Sumbawanga Road
Kwani hata mnaruhusiwa kwenda kurekodi hivi hivi? Najua lazima kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kinachukua miezi, ndo maana watu wanaishia kwa mabinamu.

#14 MwlMafinga
Hapana mkuu, hicho kinawahusu zaidi watafiti wa nje. Mimi kama mwanafunzi Mtanzania chuo chenyewe kilinipa barua ya kibali, nikaenda nayo kwa katibu tawala wa mkoa, pale nikapewa ya wilaya, wilaya wakanipeleka kwa mtendaji wa kata, kata kijiji. Siku mbili nikawa nimemaliza. Ila hakuna aliyenieleza huo mlolongo, nilianzia kijijini moja kwa moja nikarudishwa na mtendaji mpaka Njombe mjini.

#15 Mzee wa Uyole
Vijana mnasema vizuri. Lakini niongeze, maana naona kila mtu analaumu darasa. Kuna ugonjwa wa kuanza na nadharia. Mwanafunzi anakuja ofisini anasema nataka kutumia nadharia fulani. Kwa data gani? Hajui bado. Anachagua nadharia kama mtu anayechagua kitambaa kabla hajapimwa, halafu mwili unalazimishwa uingie. Na sisi wasimamizi tunawaambia sura ya kwanza iwe na pengo la utafiti na kiunzi cha nadharia kabla hawajasikia sentensi moja ya lugha yenyewe. Pengo wanalitafuta kwenye tasnifu za wenzao. Pengo la kweli liko kwa bibi wa Dada Njombe.

#16 Nyota_ya_Isimani
Mzee wangu hapo sikubaliani, bila nadharia hujui hata uulize nini. Mfano mzuri uko kwenye Kihehe changu. Kuna makala ya 1985 ya Odden na Odden kuhusu kurudufisha vitenzi, yaani kukirudia kitenzi mara mbili. Kuhaata ni kuchacha, ukirudufisha unapata kuhaatahaata, yaani kuanza kuchacha. Ule ku- wa mwanzo haurudiwi. Lakini kwiita, kumimina, inakuwa kwiitakwiita, hapo ku- imeingia ndani ikarudiwa. Sababu ni kwamba ku- ikikutana na irabu inaungana nayo inakuwa silabi moja, kwii, haitenganishiki tena. Sasa mtu asiyejua nadharia ya silabi atauliza vitenzi vinavyoanza na konsonanti tu, atapata kanuni nzuri, na itakuwa ya uongo.

#17 Mzee wa Uyole
Au atauliza vyote kwa sababu anakaa na watu wanaomimina ulanzi, pombe ya mianzi, kila jioni, ataisikia tu.

#18 Nyota_ya_Isimani
😀 Mzee ulanzi ni msimu wa mvua, na mvua ni bati la TukuyuMvua.

#19 TukuyuMvua
Mmeanza sasa. Njooni Tukuyu nitawarekodia chini ya mgomba.

#20 Vwawa_Junction
Nimsaidie Nyota, kuna lingine hamjaligusa, lugha ya kusomea. Makala hiyo ya 1985 ni ya Kiingereza kizito, na mwanafunzi wa Kiswahili anaandika tasnifu kwa Kiswahili. Anasoma mstari mmoja mara nne. Akitaka kuandika anatafuta istilahi, mmoja anasema urudufishaji mwingine uradidi, msimamizi anakata yote mawili. Nguvu yote imeishia kwenye tafsiri, ya fildi imebaki wapi?

#21 Irabu7
Hilo nakubali ila lina njia. Kitabu kizima cha kitenzi cha Kinyakyusa cha 2017 kiko bure kwenye intaneti, tasnifu ya sarufi ya Kibena ya 2011 ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, nayo ipo. Usianze kusoma uchanganuzi. Soma mifano tu, ile mistari mitatu, neno, vipande vyake na maana ya kila kipande, halafu tafsiri. Mifano kumi kwa siku. Mstari wa katikati ukiuzoea Kiingereza kinapungua makali chenyewe. Na umundu (mtu), abandu (watu) usije ukaandika umu- na aba- ni kiambishi kimoja kama nilivyofanya mimi, ile irabu ya mwanzo inasimama peke yake.

#22 Mama_Viazi_Makete
Habari zenu. Mimi ndiye yule wa ngeli za Kikinga.

Mkuu aliniomba radhi na nimemsamehe, uzi nimeusoma wote toka jana usiku, nikalia kidogo halafu nikaacha. Naomba niseme upande wangu. Si kwamba sikutaka kwenda. Nilimuuliza msimamizi kama data ya binamu itafaa, akasema msemaji ni msemaji. Basi nikaamini, yeye ndo anajua.

Wikendi hii nimekwenda. Nimekaa kwa shangazi yangu jikoni na hiyo orodha ya maneno 200, namsomea moja moja. Neno la tano akacheka, la tisa akaita jirani waje wacheke wote. Mengi ya binamu ni Kiswahili kimevishwa kiambishi cha Kikinga tu. Halafu jirani ana asili ya Magoma, kuna maneno hawakukubaliana yeye na shangazi, wakabishana nusu saa, mimi simu inarekodi, na nimewasikiliza dakika mbili za mwanzo kabla ya kuendelea kama TukuyuMvua alivyosema, nikakuta jiko la mkaa linapasuka pasuka karibu na maiki nikahamisha. Yale mabishano yao ndo kitu kizuri kuliko vyote nilivyonacho.

Sasa nina miezi minne. Nianze upya au nirekebishe?

#23 Dada Njombe
Pole na hongera dada yangu. Anza upya ila usitupe ya binamu, iweke pembeni kama ushahidi wa msemaji wa mjini, itakusaidia kwenye sura ya mbinu. Na orodha pekee haitoshi kwa ngeli, mwache shangazi aseme sentensi, "kiazi hiki kikubwa kimeoza", "viazi hivi vikubwa vimeoza", upatanisho utauona hapo.

#24 MwlMafinga
Miezi minne na vipindi vya shule? Mi ningerekebisha. Maneno 60 yaliyokaguliwa na wasemaji wanne yanazidi 200 ya mtu mmoja.

#25 Mzee wa Uyole
Aanze upya. Na msimamizi apelekewe hiyo sauti ya shangazi na jirani aisikilize.

#26 Kitulo_Maua
Umewaomba ridhaa ya yale mabishano? Kama walisahau simu inarekodi warudie, wasikilize wenyewe kwanza.

#27 Mama_Viazi_Makete
Nitawapelekea Jumamosi ijayo wasikilize. Asanteni.

#28 Mwana_wa_Kalenga
Mama_Viazi, ukikubali, na wao wakisharidhia Jumamosi, njoo na hiyo sauti Ijumaa inayofuata, nimeomba chumba chenye dirisha linalofunga, tunakaa wote wa mwaka wako, kila mtu na hedfoni zake, tunanukuu dakika tatu tu za shangazi na kulinganisha nani kasikia nini. Irabu7 kama unaweza kupanda basi toka Mbeya nauli tutachanga.

#29 Irabu7
Nakuja. Chaji laptopu zenu, na pakueni ELAN, programu ya kunukuu sauti, kabla, intaneti ya hapo chuoni kwenu naikumbuka.

#30 TukuyuMvua
Na mimi naruhusiwa? Nina saa nzima na dakika kumi ya bati, labda kuna mtu ataniokolea hata sentensi mbili za yule bibi. Alifariki mwaka jana.